Hesabu ya Farasi Sita

16 Februari 1913, Ifakara

Bwana Krantz amerudi kutoka Kilosa leo mchana, pua imembabuka kwa jua, mkononi karatasi mbili za picha. Hata kofia hakuvua. Ameniita ghalani akazitandaza juu ya robota la pamba.

"Wendelin, wewe ni mtu wa mizani. Nisaidie kuchagua."

Ni baiskeli mbili zenye mashine tumboni, zote ziko Kilosa kwa mfanyabiashara mmoja. Moja nyeusi, nyembamba. Nyingine nyekundu, pana, ina kiti cha kumtosha jumbe na mkewe. Bwana hataki chombo cha kwendea sokoni. Anataka cha safari ndefu, akae juu yake tangu asubuhi hadi jioni bila mgongo kumuuma, Kilosa hadi Mahenge, kukagua pamba ya kampuni.

Nimefurahi kuulizwa, siwezi kuficha. Mimi ni karani wa mizani katika ghala hili mwaka wa tatu sasa. Mpagazi hatoki hapa na zaidi ya ratili sitini. Sitini na moja nairudisha. Niliwahi kuwarudisha askari wa boma na sanduku lao kwa ratili mbili tu, wakanitukana, nami nikasimama palepale mpaka walipolifungua.

17 Februari

Nguvu ya mashine inahesabiwa kwa farasi. Nyeusi ina farasi watatu na nusu, nyekundu sita. Nimemuuliza Bwana farasi mmoja ni nguvu ya watu wangapi, akacheka, akasema hilo Mjerumani yeyote anajua, ila yeye amesahau. Hapa bondeni farasi haishi, mbung'o humuua kabla hajaizoea njia. Mimi nimemwona mmoja tu, Kilosa, na alikuwa amelala.

Nyeusi ina uzito wa ratili 180, nyekundu 310. Nimegawanya. Kila farasi wa nyeusi anabeba hamsini na moja na kidogo. Kila farasi wa nyekundu naye hamsini na moja na kidogo. Sawasawa kabisa! Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea.

18 Februari

Nimepata jibu wakati nanawa. Hakuna pikipiki inayokwenda tupu.

(Pikipiki ndivyo watu wa Kilosa wanavyoiita, kwa mlio wake.)

Nimemwomba Bwana apande kwenye mizani ya pamba. Wapagazi wamejikaza wasicheke, Apolinari, mnyapara wao, ameshindwa akaenda nyuma ya ghala. Bwana na begi lake na debe la mafuta ni ratili 230. Sasa hesabu imejitenga yenyewe: farasi wa nyeusi atabeba mia na kumi na saba, farasi wa nyekundu tisini tu. Chombo chepesi ni chepesi mpaka mtu apande. Nikamwambia Bwana: nyekundu.

Akauliza, na mahali pa kubebwa? Maana kuna mto Kilombero, kuna matope, na kila kitu hapa siku moja hubebwa. Nikagawanya 310 kwa sitini. Watano na kitu. Nikaandika sita kwa hisani, nikatia sahihi chini: "Wapagazi sita. W." Bwana akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

18 Februari, jioni

Baba amepita kutoka shamba la Katindiuka kuleta mihogo. "Kamwene, karani." Haniiti mwanangu siku hizi, ananiita karani. Serafina, mke wangu, amemsimulia habari ya farasi sita, baba amesikiliza huku anamenya muhogo.

"Barabara ikiisha," akasema, "hao farasi sita wanalala wapi?"

Nimekereka. Mtu aliyekunywa maji ya mganga mwaka 1905, akaenda Mahenge akiamini risasi za Wadachi zitageuka maji, ananidhihaki mimi kwa hesabu! Alikwenda na ndugu zake wawili, akarudi peke yake. Kisha mashamba yakachomwa, ikaja njaa, na mama akafa mwaka 1907, mimi nikiwa porini namchimbia mizizi. Mapadre ndio walionilisha na kunifundisha namba. Namba hazijawahi kunidanganya. Sijamsamehe baba na naandika hapa kwa kuwa hasomi.

20 Februari

Barua imekwenda Kilosa. Nyekundu.

6 Machi

Imefika kwa miguu yake! Tumeisikia tangu njia ya Mkula, kuku wakaruka juu ya mapaa. Bwana amechafuka vumbi mpaka kope, anacheka peke yake. Amenishika bega mbele ya watu wote: "Huyu ndiye aliyechagua." Wazee wakaniangalia upya. Emerensiana muuza pombe amesema mwendo wake ni wa ng'ombe mwenye gesi tumboni, nami nimecheka kuliko wote.

9 Machi

Joto. Mawingu upande wa Mahenge.

11 Machi

Bwana amekwenda Mkula na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Zamani ilikuwa siku nzima. Nimepiga tena hesabu ya tisini, kwa raha tu.

15 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Pamba yote ndani.

16 Machi

Mvua.

17 Machi

Mvua. Mto umepanda.

19 Machi

Bwana anataka kwenda Mahenge na pikipiki yake. Ng'ambo kule juu boma limejenga barabara nzuri, na anataka maofisa wamwone akiingia. Chini huku ni matope tu. Amemwonyesha jumbe karatasi yangu: wapagazi sita.

Jumbe ameleta sita. Wa nne ni baba.

Orodha ya jumbe huanza na waliokunywa maji. Miaka minane imepita na bado wanaanza wao.

20 Machi

Nilikuwa nimeandaa mizigo sita kwenye karatasi, kila mmoja na namba yake. Bwana amefungua magurudumu, tangi, kiti na mabegi. Kisha akaweka spana chini.

"Basi."

"Na mashine, Bwana?"

"Mashine haifunguliwi kwenye mvua. Hiyo na kiunzi chake ni kitu kimoja."

Nimepima kile kitu kimoja. Ratili 220. Miaka mitatu nimepima pamba, mpira, chumvi na mtama, vitu ambavyo ukizidisha unapunguza kwa mkono. Haikunijia kwamba kuna mzigo usiopunguzika. Wamekifunga kwenye mti mrefu, wanne chini yake, wawili mbele na wawili nyuma. Wa tano kabeba magurudumu na kiti, wa sita mafuta na mabegi. Hakuna wa kupokezana.

Nimejifariji: 220 kwa wanne ni hamsini na tano. Bado chini ya sitini. Nimemwambia baba hivyo, aliye nyuma, upande wa kushoto. Alikuwa anatafuta pa kuweka kitambaa begani.

25 Machi

Hawajarudi. Mvua.

29 Machi

Wamerudi. Siku tisa, kwenda na kurudi. Nimemuuliza Apolinari pikipiki ilimbeba Bwana siku ngapi.

"Siku moja na nusu, bwana karani. Siku zilizobaki tuliibeba sisi."

Bega la baba limechubuka mpaka nyama. Serafina amelikanda kwa maji ya chumvi. Nilitaka kusema neno, nikasema mvua ni kubwa mwaka huu.

30 Machi

Nimemwendea Bwana, nikasema labda tuongeze watu. Hakukasirika. Alitoa karatasi mfukoni, akaifungua, akaonyesha kwa kidole. "Sita. W. Boma limekubali sita kwa maandishi yako, Wendelin. Je, ulikosea?"

Ningesema ndiyo, ingekwisha palepale. Nikasema hesabu ni sahihi, ila mvua ni kubwa mwaka huu.

Bwana si mtu mbaya. Najikumbusha kila siku.

2 Aprili

Wameondoka tena. Wale wale sita.

5 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Misa. Padre amehubiri juu ya mizigo na mimi nimetazama chini muda wote.

8 Aprili

Mvua. Nimejaribu kitu ambacho ningalipaswa kukijaribu Februari. Nimefunga mawe ya ratili 220 kwenye mti, nikaweka ncha ya mbele juu ya robota na ncha ya nyuma juu ya mizani. Mti ukiwa sawa, mizani inasoma mia na kumi. Nikainua ncha ya mbele kama mtu anayepanda ukingo wa mto. Mawe yakateleza. Mia na sabini. Mia na tisini.

Kwa hiyo ile hamsini na tano ni ya sakafu ya ghala. Kwenye mlima, wa nyuma wawili wanabeba karibu mashine nzima. Na mmoja wao akiteleza, anabaki mmoja.

Nimefungua mawe nikayatupa nje. Serafina ameniuliza kwa nini nimekasirikia mawe.

9 Aprili

Hawajarudi. Mvua, mvua, mvua.

12 Aprili

Wamerudi. Baba anatembea akiegemea upande. "Kamwene, karani," akasema, akaenda zake Katindiuka. Nilimtazama mpaka mvua ilipomfunika. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari ya mawe.

13 Aprili

Jumapili. Kesho wanakwenda tena. Nilikuwa na siku nzima ya kusema.

17 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi nilipelekwa kivukoni kupima pamba inayovushwa kutoka ng'ambo, nami nikaweka mizani chini ya kibanda. Kabla ya adhuhuri tukaona mtumbwi wao. Walikuwa wamekata tamaa ya kufika Mahenge, barabara ya mlimani imebomoka, Bwana ameamua kurudi. Mashine imelazwa katikati ya mtumbwi juu ya majani, Bwana amekaa mbele yake ameishika kwa mkono mmoja.

Ukingo wa huku umekatika kwa mafuriko. Ni kimo cha mtu na nusu, udongo mweusi, laini. Wakaingiza mti, Apolinari akatoa sauti, wakainua. Nimekaa miaka mitatu natazama watu wakiinua mizigo na leo ndiyo mara ya kwanza nimetazama miguu yao. Wa mbele wakapanda. Mti ukasimama mshazari. Nikaiona mashine inateleza kurudi nyuma, polepole, kama mawe yangu, nikajua kinachofuata.

Nilipiga kelele: "Tueni! Tueni chini!" Mvua ikaifunika sauti.

Yule wa nyuma kulia akateleza. Aliuachia mti akaruka pembeni, na sina neno juu yake, ndivyo mtu anavyofanya. Baba hakuachia. Alibaki peke yake chini ya mti kwa kiasi cha kuhesabu hadi tatu, magoti yake yakiingia udongoni, kisha akaenda chini na chuma juu ya kifua chake.

Bwana Krantz ndiye aliyefika wa kwanza. Lazima niandike hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Aliruka kwenye matope na viatu vyake, akainua pamoja nasi, akamfuta baba uso kwa leso yake mwenyewe. Baba alikohoa. Kohozi lilikuwa na damu. Bwana akasema, "Mtu shupavu sana huyu." Akafungua begi lake la dawa akampaka kila palipochanika.

Kisha akaenda kuitazama mashine.

Tumemchukua baba kwangu kwa machela. Njiani nilishika ncha ya nyuma. Baba ni mwepesi. Sikutegemea atakuwa mwepesi vile.

18 Aprili

Anapumua kwa shida. Mbavu. Serafina anamnywesha uji kwa kijiko. Mvua.

19 Aprili

Ameketi. Amemtania Serafina kuhusu uji wake. Damu bado.

Nilimlaumu baba miaka minane kwa kuamini maji. Mimi nimeamini karatasi. Tena yeye alikwenda mwenyewe mbele ya risasi. Mimi nilibaki ghalani, pakavu, nikampeleka yeye.

20 Aprili

Nimekwenda kwa Bwana na kalamu sikioni, nikasimama wima.

"Bwana, nilikosea. Hesabu yangu ya Februari ni ya uongo. Nyekundu ina nguvu barabarani, lakini nyeusi wangeibeba watu watatu wakipokezana na watatu. Nilipima mashine na wewe. Sikupima njia."

Alitua kalamu yake. Alisikiliza vizuri, naapa.

"Basi hesabu ya kweli ni ipi?"

"Kumi na wawili. Wanne chini ya mti, wanne wa kupokea, wanne wa vitu vingine na wa kushika kamba kwenye kingo. Na hata hivyo, Bwana, bora ikae ghalani mpaka Juni."

"Kumi na wawili," akasema, akaandika. Akakausha wino, akaikunja. "Nashukuru, Wendelin. Laiti ungaliniambia mapema. Tutaondoka tarehe ishirini na tatu."

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimekwenda kuwatoa watu sita chini ya ule mti, nikatoka nimeingiza sita wengine.

21 Aprili

Jumbe amesoma orodha uwanjani asubuhi. Majina kumi na mawili. La tatu ni la baba.

Nilimfuata mpaka kwake. Nilimwambia mzee anatema damu.

"Anatembea?"

"Anatembea mpaka chooni."

"Basi anatembea. Bwana karani, mimi nimedaiwa kumi na wawili, wala si mimi niliyesema kumi na wawili. Boma likihesabu likakuta kumi na mmoja, kiboko ni changu. Jina halitoki mpaka jina liingie. Wewe unajua kuandika. Haya, andika jina la nani?"

Akanisukumia karatasi. Alinitazama bila chuki. Nikawapitisha watu kichwani mmoja mmoja: ndugu yake Serafina, aliyeoa juzi. Jirani yangu, mwenye watoto watano. Kila jina lilikuwa na uzito wake na sikuweza kuligawa.

Nimefuta la tatu. Nimeandika langu.

Jumbe alisoma, akaniuliza kama nina homa.

22 Aprili

Bwana ameita. "Karani habebi mizigo," akasema. Nikamwambia orodha imeshakwenda boma, na Apolinari, ambaye safari hii anabaki, anajua kusoma mizani, atapima mpaka nirudi. Mwishowe akasema nivae viatu vyangu. Nikamwambia kwenye kingo viatu vinateleza.

Serafina amelia, kisha amenishonea mto mdogo wa sufi wa kuweka begani.

Mchana nimeketi na baba. Alikuwa ameshasikia, habari haikai mahali hapa. Nikamwambia yote: mawe, mizani, ile siku aliyoniuliza Bwana kama nilikosea. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia pia nilivyomhesabia maji yale miaka yote.

Baba alijisogeza akaegemea ukuta.

"Sikuyaamini," akasema.

"Nini, baba?"

"Maji. Sikuyaamini hata siku moja. Nilionja, nikaona ni maji na mahindi na mtama. Lakini ndugu zangu walikuwa wamekwisha kunywa. Wangekwenda, ninywe nisinywe. Ningekaa nyumbani na mama yako nikisikiliza bunduki?"

Akakohoa, nikamshikia bakuli. Nimekaa naye nyumba moja baada ya vita, na njaa, na msiba, na sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na jibu langu tayari. Nililia mbele yake kama mtoto na hakunizuia.

Baadaye akaniambia nisimame. Akaweka mkono begani pangu, akapapasa mfupa, akasogeza ule mto wa sufi kidogo kuelekea shingoni.

"Hapa. Si huko. Na usihesabu, hesabu itakuchosha. Sikiliza mguu wa mwenzako. Ukihisi anateleza, usiuvute mti, utaanguka peke yako. Shuka naye, mwanangu. Pigeni magoti wote pamoja."

Tunaondoka kesho kukipambazuka. Mimi ni wa nyuma, upande wa kushoto.